Wimbo wa Zahanati Tumeupiga, Mjomba

Mjomba Bakari,

Tangu tukuzike Naliendele, leo ndiyo nimeweza kukuandikia. Nina habari, na ni nzuri.

Bendi haijavunjika. Wengi walidhani baada ya arobaini kila mtu atashika njia yake, maana afrobeti ya Mtwara ilikuwa wewe: tarumbeta mdomoni, midundo ya singeli kwenye kompyuta, ngoma ya sindimba chini yake, na maneno ya kuwakosesha wakubwa raha. Sasa mimi ndiye naimba. Ndiyo, mimi Somoe, niliyekuwa najificha nyuma ya spika ukinifokea, "Usiimbe kama unaomba msamaha!"

Wiki iliyopita tulialikwa kupiga kwenye sherehe pale Mtawanya. Tukiwa bado tunafunga vyombo vya muziki jukwaani, ofisa mmoja akanivuta pembeni. Akasema kwa upole, "Dada, pigeni zote, ila ule wa zahanati uacheni. Leo tuna mgeni rasmi."

Ni ule ulioutunga baada ya dada yangu Asha kujifungulia kando ya barabara, akikimbizwa mjini, kwa sababu zahanati ya kijijini kwetu ilikuwa na jengo zuri lakini haina mkunga. Mtoto hakulia. Wewe ndiye uliyembeba, Mjomba. Sijasahau jinsi ulivyomfunika na shati lako.

Nikakumbuka pia walivyokukatia umeme katikati ya wimbo huohuo. Hukugombana na mtu. Ulishuka jukwaani na tarumbeta yako, ukaumalizia katikati ya watu.

Nikamwambia yule ofisa, "Nimekusikia, baba." Nikapanda, na tukaanza na huo.

Niliogopa, sitakudanganya. Sauti haikutetemeka. Nilipofika kwenye "Jengo lipo, mkunga yuko wapi?" nikamwona Asha, ambaye tangu msiba wa mwanawe alikuwa haji kwenye muziki, anapenya hadi mbele. Akaitikia. Wanawake waliokuwa wamekaa kwenye mikeka wakainuka, wakaitikia naye, hata nikawaachia kiitikio.

Umeme haukukatwa. Mgeni rasmi akauliza, "Hiyo zahanati ni ipi?" Sikujibu mimi. Alijibu Asha, akataja kijiji na kilichompata, bila kulia.

Jana mkunga alifika kwenye zahanati yetu, Mjomba! Mama mmoja kutoka Songea, na mabegi yake mawili. Alipokelewa kwa vigelegele, kanga zikatandikwa hadi mlangoni. Asha ndiye aliyemfungulia mlango. Mimi nilikwenda nyuma ya jengo nikalia, kwa sababu mtu wa kwanza niliyetaka kumpigia simu ni wewe.

Asha sasa anatutungia. Ana ubeti mmoja kuhusu shule isiyo na maji, na ni mkali kuliko beti zako, nisamehe.

Kwaheri, Mjomba wangu. Mungu akutie nuru kaburini. Nakuahidi: popote tutakapoambiwa wimbo fulani tuuache, huo ndio tutaanza nao.

Mpwa wako,
Somoe