Mitango Jike ya Mzee Aristides

Alhamisi, 3 Julai 2025

Mbegu kumi na mbili, zimeota tisa. Ndizo zote zilizobaki za mtango wa mzee Aristides. Miaka kumi na tisa alikuwa anachagua, anatupa, anachagua tena, mpaka akapata mtango unaotoa maua jike matupu, karibu kila ua tango. Wakulima wa Mkuranga walikuwa wanakuja mpaka dukani kwangu Kariakoo kuulizia mbegu hizo tu. Halafu mzee akapigwa kiharusi, na mbegu zikaisha.

Shida yake ni moja. Jike tupu maana yake hakuna dume. Hakuna dume, hakuna chavua. Hakuna chavua, hakuna mbegu. Nikitumia dume la mtango mwingine uzao unachanganyika na kazi yake yote inakwenda na maji. Njia aliyokuwa anatumia: unampulizia jike dawa ya madini ya fedha akiwa bado mche, anachanganyikiwa, anatoa maua dume. Kaiandika kwenye daftari. Gramu ngapi kwa lita? Tatu au nane? Nimeangalia kwa miwani, nimepiga picha nikaikuza kwenye simu. Mwandiko gani huu.

Nane, nadhani.

Nimepulizia miche mitatu hapa juu ya paa. Vidole vimekuwa vyeusi, havitoki hata kwa ndimu.

Jumamosi, 5 Julai

Si nane.

Miche yote mitatu imeungua. Imebaki sita. Nimekaa juu ya ndoo nikajitukana kwa Kimakonde, maana Kiswahili hakikutosha.

Jumapili, 6 Julai

Buguruni kwa mzee. Klara, binti yake, ndiye alinifungulia. Shikamoo, mzee — akajibu marahaba safi kabisa, nikapata matumaini. Nikamfungulia daftari. Hii ni tatu, mzee? Ndiyo. Au ni nane? Ndiyo. Klara akaniambia nisijisumbue: ukiacha salamu, "ndiyo" ndilo neno lililobaki. Hata ukimuuliza kama leo ni Krismasi.

Nilitaka kuondoka. Nimefunga safari yote hiyo kwa ajili ya ndiyo mbili. Halafu nikamnyooshea vidole vinane. Akavitazama vilivyo vyeusi, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kwa mkono wake mzima akaanza kuvikunja, kimoja kimoja, polepole. Akaacha vitatu.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, sijafungua duka. Nimepulizia miche mitatu kwa kipimo cha tatu, safari hii nimevaa glovu. Mitatu mingine sikuigusa, hiyo ndiyo itakuwa mama. Chupa nimeizungushia utepe mweusi wa gundi, dawa haitaki mwanga.

Bwana Ghassan, mwenye nyumba, akapanda ghafla. Mboni, nilikupa paa uanike mbegu, sikukupa shamba. Nikamwambia ni matango tu. Akasema matango yamejaa sokoni, hatua mia kutoka hapa, tena ya bei rahisi. Utamweleza nini mtu kama huyo? Kanipa mpaka mwisho wa Agosti, niondoe ndoo zangu.

Ijumaa, 18 Julai

Salma ataniua. Anakaa chumba cha chini ya paa, anapanda huku kuanika nguo, na masikio anayaanika huku huku. Juzi alinisikia namwambia Klara kwenye simu kwamba nataka jike litoe dume, nipate mbegu jike tupu. Leo kanisimamisha kwenye ngazi. Dada Mboni, eti na bangi nayo wanaopanda wanataka jike tu?

Nikasema sijui mambo ya bangi. Yeye anajua. Shemeji yake alifungwa kwa hayo. Dume likikaa karibu, jike linajaa mbegu, mali inaharibika. Kwa hiyo wenye biashara hiyo wanatafuta mbegu zinazotoa majike peke yake. "Kama wewe," akasema.

Nikamshika mkono, nikampandisha mpaka kwenye ndoo. Jani hili, Salma, limefanana na nini? Akasema yeye hajui mimea, anajua maneno. Na glovu za nini? Na chupa nyeusi ya nini? Nimemwonyesha na daftari. Akauliza kwa nini namba zimefutwafutwa.

Jumanne, 29 Julai

Yametoka! Kwenye miche yote mitatu niliyopulizia. Vishada vidogo vya maua, na nyuma ya ua hakuna kale katango kadogo ambako kila jike huwa nako. Dume, bila ubishi. Kwenye mitatu isiyopuliziwa majike yamejipanga. Nimeyavalisha vifuko vya karatasi, nyuki wa mjini wasije kuniletea chavua ya watu.

Nikampigia Klara. Akaweka simu kwenye sikio la mzee. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Leo sikuisikia kama ugonjwa.

Jumamosi, 2 Agosti

Maua yamefunguka asubuhi hii. Ya kiume na ya kike, pamoja. Chavua inafaa mpaka jua la saa sita, baada ya hapo ni vumbi.

Saa mbili nimefika na vifuko vipya mkononi, nawakuta polisi wawili. Sajenti na afande Victoria, mwanamke wa makamo kama mimi. Wamepata taarifa ya bangi. Sajenti kazunguka ndoo zote, kakiri anaona kama matango. Lakini yeye si mtaalamu. Kachuma jani, kalitia kwenye mfuko wa nailoni, anaenda kumwita mkubwa wake. Mimi nisiguse chochote, ni ushahidi. Afande Victoria abaki kunilinda.

Saa nne. Hajarudi. Ninachoruhusiwa kugusa ni kalamu tu, basi naandika. Salma kapanda na beseni lenye nguo mbili. Nguo mbili! Ananitazama kwa huruma kabisa.

Saa nne na nusu. Nimemweleza afande kila kitu, tangu mzee, vidole, mpaka vifuko. Akauliza, na yakinyauka? Nikamwambia miche niliyopulizia inaweza isitoe mengine, na mbegu nyingine sina. Akauliza inafanywaje. Nikamwambia: unachuma ua dume, unang'oa petali zake, unapakaza katikati ya ua jike, unalifunika.

Saa tano. Jua limefika kwenye ndoo. Afande kavua kofia, kaiweka ukutani.

"Mama, amri ni kwamba wewe usiguse."

"Nimesikia, afande."

"Mimi sijaambiwa."

Amechuma la kwanza. Analishika kama ameshika mwizi. Nimemwambia taratibu, afande, taratibu. Amepakaza. Ametia kifuko, kipo upande, lakini kipo. Salma ameacha kuanika.

Chini kuna mlango wa gari umebamizwa, namsikia sajenti anamsalimia bwana Ghassan. Ghorofa nne za kupanda. Nadhani na afande amesikia, maana amegeuza kichwa kidogo. Ameinama tena, anauliza lipi linafuata.