Usingoje Ijumaa

Mahurunga, 6 Oktoba 2024

Mwanangu Husna,

Assalaam alaykum. Hujambo? Sisi tupo, korosho zimeanza kudondoka na kuinama ndiyo kazi. Vidonge ulivyotuma kutoka Tanga nimevipata. Mwaka wa tisa huu, tangu nivunjike mkono na kuambiwa mifupa yangu dhaifu, nameza kimoja kila Ijumaa, sijaruka hata moja. Ni alfajiri, na maji kikombe kizima, nakaa wima nusu saa kama mwali, ndipo nafungua barua yako. Naitunza makusudi, maana bila barua nusu saa ile haiishi.

Ila paja la kushoto linanisumbua, mwezi wa tatu sasa. Jirani yangu Sharifa ananichua kwa mafuta ya nazi, anasema ni uchovu wa shamba. Wala usinipigie kwa mkwe wetu Shafii! Simu yake anaiweka sauti ya juu, baraza zima linasikiliza, nami sitaji paja langu mbele ya wanaume.

Mama yako

Tanga, 14 Oktoba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Kwa Shafii sikupiga, kama ulivyokataza. Acha vidonge! Nimemuuliza daktari anayekuja hapa dukani kwetu. Anasema dawa hiyo inawafaa wengi, lakini ukiimeza miaka mingi bila kupimwa, wapo wachache ambao mfupa wa paja hupata ufa taratibu, halafu huvunjika hata bila kuanguka. Maumivu yako huenda ndiyo dalili. Usichuliwe tena, usibebe kitu, shika mkongojo, nenda Mtwara mjini wakupige picha mapaja yote mawili. Usingoje Ijumaa.

Mimi ndiye niliyekuambia usiruke. Nauza dawa miaka yote hii na sikuwahi kuuliza mwisho wake lini. Nisamehe.

Mwanao, Husna

Mtwara, wodini, 30 Oktoba 2024

Husna,

Marahaba. Alhamdulillahi, nipo hai. Barua yako ilifika Jumanne, nikaiweka chini ya mto ingoje siku yake. Alhamisi nimesimama mlangoni, sijateleza wala sijabeba kitu. Nageuka tu kumwitikia Sharifa, nikasikia paja limesema ka! Huyo, chini.

Wamenitia chuma. Barua Sharifa ameniletea jana. Nilipofika pale pa Ijumaa nililia mpaka nesi Elizabeti akaja mbio. Usijilaumu, mwanangu. Dawa ulileta kwa mapenzi, na barua niliifungia mwenyewe.

Mama yako

Tanga, 4 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo, na pole, pole sana. Kwa nini sikuandika "fungua leo" juu ya bahasha! Nimeomba ruhusa, nakuja. Jana kwenye simu ya nesi ulisema "mzima", na mimi nakujua, ungesema mzima hata nyumba ikiwaka. Nijibu kwa kalamu: la kulia nalo linauma?

Mwanao, Husna

Mtwara, 9 Novemba 2024

Mwanangu,

Hii nimeifungua palepale, aliyeileta hajageuza mgongo.

Linauma. Tangu mwezi wa tisa. Waliponiuliza hapa nilikataa, nilitaka nibaki na mguu mmoja wa kurudi nao nyumbani. Baada ya kusoma barua yako nimemwita daktari. Alikuja na vijana watatu wanaojifunza kazi, wanaume watupu, nami nikalitaja paja langu kwa sauti hadi kitanda cha mwisho. Kesho wananipiga picha.

Njoo upesi. Naogopa.

Mama yako