Mama, Wakaguzi Wanakusalimu

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeanza na salamu kabla hujanisema.

Nakuandikia nikiwa chumbani kwangu Kilakala, nimechoka. Ile programu ya simu bado haijatoka. Unajua ilikoanzia: siku uliyoshusha tenga la karoti kutoka shambani Mgeta hadi barabarani, ukakaa tangu asubuhi hadi jioni kusubiri gari ambalo lilikwama kwenye matope huko chini, wala hakuna aliyekuambia. Ulirudi na karoti kichwani zikiwa zimenyauka. Nikaapa nitatengeneza kitu ambacho dereva atasema tu kwa sauti yake, "Leo sipandi," na kila mama mlimani atasikia kabla hajajitwika.

Kutengeneza hakukunishinda. Wakaguzi wa duka la programu ndio walionishinda. Unatuma, unakaa wiki mbili. Wanarudisha: eleza kwa nini inarekodi sauti. Unaeleza, unarudi mwisho wa foleni. Wanarudisha tena: picha za kuonyesha programu hazifai. Na hujui hata unaongea na nani.

Unakumbuka nilivyokusomea nilichowaandikia, tukipukuchua maharage jikoni? Uliacha kupukuchua.

"Umewasalimu?"

"Mama, hao hawasalimiwi. Ni kampuni."

"Kampuni haina watu? Unamwingilia mtu na shida zako bila hodi, halafu unashangaa hakujibu! Waambie mama yako anawasalimu."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na sikuandika. Kila nilipopanda kuja kukuona uliniuliza, "Wamekubali? Umewasalimu?" Mara ya mwisho nilikujibu vibaya. "Mama, hebu niache." Ukaenda kuchochea moto. Nisamehe. Jibu lile linaniuma kuliko yote.

Baada ya kuanua matanga yako nilirudi mjini, nikarekebisha walichotaka, nikatuma mara ya tano. Pale pa maelezo kwa mkaguzi niliandika kwanza: "Habari za kazi. Mama yangu, mkulima wa karoti, anawasalimu." Sikuweza kuandika kwamba hupo tena.

Jana wamejibu. Wamekataa, mama. Sasa wanataka maelezo ya namna tunavyotunza siri za watumiaji. Niandike, nitume, nisubiri tena. Nitaandika, maana magari bado yanakwama na mama wadogo bado wanakaa barabarani na matenga yao. Lakini leo sina nguvu hata ya kufungua kompyuta.

Ila juu kabisa ya jibu lao, kabla ya hayo yote, kuna mtu ameandika kwa Kiingereza chake mstari mmoja ambao haukuwapo katika majibu yote ya nyuma. Ananiambia kazi ni njema, na nimpe mama salamu zake.

Nimekaa na simu mkononi tangu jana, sijui nimpigie nani. Ndiyo maana nimeandika.

Wamekusalimu, mama.

Kitinda mimba wako