Medali ya Dhahabu ya Rubani Chebet

Chebet wangu,

Huku Eldoret mvua imerudi. Asubuhi ukungu unateremka kutoka upande wa Kaptagat, unafunika ngano, unafunika hata paa la chuo, na nikifungua darasa la taipu ni kama nafungua mlango katikati ya mawingu. Hapo ndipo nakukumbuka zaidi.

Kiti chako wamempa mwalimu mpya, msichana wa Munyaka. Ni mzuri, ana heshima. Lakini anapiga taipu polepole, nami nasikiliza vidole vyako ndani ya vidole vyake, navikosa.

Unakumbuka Jumamosi zetu? Wanafunzi wakishaenda, tunawasha ile kompyuta moja ya chuo, tunaingiza diski za mchezo wa vita vya angani alizoacha yule Mzungu wa kujitolea, na mji unapotea. Tunabaki na nyota tu. Mimi nilicheza nisife. Wewe ulicheza upate medali. Goti lilikutoa kambi ya mbio kabla hujashinda hata moja, na siku moja ukaniambia, macho yako kwenye kioo, "Wanjiru, huku juu hakuna goti."

Na ulivyokuwa mlafi! Uligundua kwamba kwa medali mchezo unakuhesabia ndege za adui ulizoangusha wewe mwenyewe tu. Anazoangusha rubani mwenzako wa pembeni, yule anayeendeshwa na kompyuta, ni zake. Basi mkishatoka kwenye meli yenu ya angani, unamwamuru arudi. "Enda nyumbani, baba, pumzika. Hawa wote ni wangu." Nilicheka mpaka askari wa geti akachungulia dirishani. Makombora hukuyapoteza kwa ndege ndogo, uliyaweka ya meli zao kubwa. Hizo ndogo ulingoja zijaze kioo chote, ndipo ukafyatua bunduki. Na hata bawa likiwaka moto, hukurudi kabla rada haijawa tupu.

Ulikuwa umebakisha ile medali ya dhahabu peke yake, figo zikaanza kukusumbua. Pale wodini, uso umevimba, ukaniuliza kama kuna mtu amegusa jina lako kwenye kompyuta ya chuo. Nikasema hakuna. Ukafumba macho ukitabasamu, na mimi nikakushika mkono, na halafu... Hapo siwezi kuandika.

Wiki iliyopita Prinsipo alisema michezo yote ifutwe, kompyuta ni ya kazi. Nikamwomba aniachie alasiri ya Ijumaa. Nikafungua safari uliyoiacha, na hapo kwenye kioo: Rubani Chebet. Niliogopa. Unajua mchezo ule, ukianguka wanakuzika angani, jeneza linateleza gizani polepole. Sikuwa na nguvu ya kukuzika tena. Ningekuacha tu pale, salama kwenye meli yako. Lakini wewe ulitaka dhahabu.

Nikamwambia mwenzako aende nyumbani. Nilisema kwa sauti, kama wewe, peke yangu na mashine.

Sijui nilipita aje kati ya yale mawe yanayoelea angani. Ilikuwa kama ndoto ambamo mtu anakimbia bila kugusa chini. Makombora yakaisha kwa meli yao kubwa. Ikabaki ndege moja, nyekundu, inakuja moja kwa moja. Nikangoja. Chebet, mimi mwoga, nilingoja mpaka kioo chote kikawa chekundu, ndipo nikafyatua. Kukawa kimya. Rada tupu. Ndege yako ilikuwa imetoboka kila mahali, nikairudisha taratibu kama mtu anayembeba mtoto aliyelala.

Kwenye meli marubani wote walikuwa wamejipanga mstari. Kamanda akakuvisha dhahabu, na maneno yakatokea chini: Hongera, Chebet. Nilisimama nikapiga makofi, darasa tupu, machozi mpaka shingoni. Kisha nikafuta mchezo mwenyewe. Sikutaka iwe mkono wa mtu mwingine.

Jumapili hii napanda kwenu kumwona mama yako. Sijui nitamweleza aje medali isiyoshikika. Nitamwambia tu kwamba binti yake alishinda, halafu tutamenya viazi, na akitaka kulia tutalia. Na nitaendelea kwenda, nakuahidi, hata miezi ile barabara inageuka matope na hakuna gari linalopita. Nitavua viatu nitembee.

Pumzika, dada yangu. Ruka mbali utakavyo.

Wanjiru wako