Baba Alikwenda Kuniombea

Februari 4

Shikamoo baba,

Mimi sijambo, ila sikio la kushoto. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu; hata nikiiweka sikio la kulia, mvumo wa hili la kushoto unafunika sauti. Magoti yako yanaendeleaje? Usinidanganye kama kawaida yako.

Wiki iliyopita msimamizi wetu alinizaba kibao pale pale kwenye mashine yangu, kisa nimeshona kava la godoro ndani nje. Kibao kile, baba, hata wewe hukuwahi kunipiga. Wenzangu wakainamisha vichwa, wakaendelea kushona. Nimekwenda kwa wakili wa msaada wa sheria. Nataka kuishtaki kampuni.

Mwanao

Februari 12

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Magoti yapo, yanalalamika kuliko mwenyewe. Barua yako imenifanya nisukume sahani pembeni. Heri angenipiga mimi.

Lakini kuishtaki kampuni? Nimekuwa fundi mitambo mle mpaka nimeota mvi. Mama yako alipofariki, gari la kampuni ndilo lililombeba. Wale wana mawakili wa kujaza basi. Wewe unaye mmoja, tena wa bure. Kesi itavutwa mpaka uchoke, kazi itakuwa imekwenda, na viwanda vingine vikishasikia habari zako, nani atakupokea? Halafu nani atakushuhudia, wakati kila mtu mle ana watoto wa kulisha? Hebu punguza hasira kwanza.

Baba yako

Februari 21

Shikamoo baba,

Natumai hujambo. Hasira sijapunguza. Daktari anasema ngoma ya sikio imepasuka.

Hayo uliyoyasema wakili naye kaniambia, na hilo la shahidi ndilo lililokuwa likimnyima raha. Sasa shahidi amepatikana. Ni Mama Pacha, anayeshona kwenye mashine jirani na yangu. Aliona kila kitu. Nilimbembeleza mpaka nikaona aibu. Amekubali kwa sharti moja: kampuni isijue mpaka siku atakayosimama mahakamani. Nakwambia wewe peke yako, ili ujue kwamba sibahatishi.

Mwanao

Machi 3

Mwanangu,

Hujambo? Leo nina furaha, hata magoti nimeyasahau. Nimepanda basi nikaenda kiwandani. Sikutaka kukwambia mapema, ungenizuia. Kumbe meneja utumishi wa sasa ni yule kijana niliyemfundisha kushika spana! Aliponiona aliinuka, akaniamkia, akaagiza chai. Akaniita "mzee wetu" mbele ya watu.

Nikamweleza shida yako, kama mzazi. Mwanzoni akasema huenda umetia chumvi. Hapo nikapandwa na mori. Nikamwambia mwanangu si mwongo, kamuulize Mama Pacha, kaona kwa macho yake. Akasema atalishughulikia mwenyewe, tusifikishane mbali, sisi ni familia moja. Akanisindikiza mpaka getini. Sasa umeona? Mahakama ya nini tena?

Baba yako

Machi 24

Mwanangu,

Sijui kama barua yangu ilifika. Sikio je? Mbona kimya? Niandikie hata mistari miwili.

Baba yako

Mei 6

Shikamoo baba,

Barua zako zilifika zote. Nilianza kujibu mara nyingi, nikachana. Nilikuwa na maneno makali; yamekwisha, nimebaki na huzuni tu.

Kesho yake baada ya ile chai, Mama Pacha aliitwa ofisini. Alitoka analia. Alipofika kwa wakili akasema siku ile alikuwa ameinama, hakuona kitu. Wamemhamishia kwenye bohari ya pamba, vumbi tupu, na tukikutana getini ananipita kama hanijui. Simlaumu. Nilimwapia kwamba sitamtaja kwa mtu yeyote, nami nikakutajia wewe. Wakili kafunga faili.

Najua ulikwenda kwa kunipenda, baba. Ndiyo maana inaniuma hivi. Ningepata mtu wa kumchukia, ningepumzika kidogo.

Nimerudi kwenye mashine yangu. Msimamizi ni yule yule, ila siku hizi ana adabu za ajabu. Kila asubuhi anakuja upande wa sikio langu zima, anainama, ananiuliza, "Mzee wetu hajambo?" Amenisisitizia nikiandika nisimsahau.

Basi, anakusalimia.

Mwanao