Kadi Zako Zimeshuka Bei, Baba

Baba,

Bei imeshuka. Naona bora usikie kwangu kuliko kwa wale wenzako wa msikitini waliokuwa wakikuita Mzee Karata. Kadi zako za besiboli, zile picha za wachezaji wa zamani ulizozitunza kuliko pasipoti yako, siku hizi hazina mnunuzi wa maana.

Sababu nimeelezwa na rafiki yako Bwana Harold, muuzaji wa kadi, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni na anayekiongea kama anasoma taarifa ya habari. Wewe ulisema Washington ikipata timu tena, kadi za ile timu ya zamani iliyohama zitapaa. Timu ikaja na ukaiwahi, ukavaa kofia yao mpaka kazini. Bei ikapanda kweli, ukagoma kuuza. Kisha watu nchi nzima wakapekua masanduku ya babu zao, wakaziuza kwenye intaneti, na kumbe ulizodhani ni adimu zilikuwa zimejaa tele. Halafu uchumi ukaanguka. Sasa kila mtu anauza.

Nakumbuka ile hoteli ya Alexandria, hapa jirani na Washington, ulipokuwa ukiegesha magari ya wageni. Wauzaji wa kadi walipokodi ukumbi wa chini, ulikuwa unashuka wakati wa mapumziko na sare yako, mimi nyuma yako, kuangalia tu. Ndipo Bwana Harold alipokuonyesha kadi iliyochapishwa mwaka uliozaliwa: mwanamume mwembamba, masikio makubwa, kofia imekaa upande. Ukaicheka, ukaigeuza, ukaicheka tena. "Huyu pacha wangu," ukaniambia. Tukarudi nayo nyumbani kwa basi, umeishika kwa ncha za vidole kama yai.

Baada ya huyo ukawataka wenzake wote wa timu ile, wa mwaka ule ule. Miaka ikapita ukitafuta mmoja mmoja, mpaka wakatimia. Na ile sheria yako ya kunawa. Hakuna kugusa kadi bila kunawa mikono kwa sabuni na kuikausha, na chai ikae jikoni. Mimi mtu mzima, nina kazi yangu, unanirudisha bombani kama mtoto wa chekechea. "Pembe, mwanangu. Kadi ikipoteza pembe imekwisha." Nilikuwa nakereka. Sasa nikinawa mikono popote pale nakusikia.

Sasa nikwambie kilichotokea kwenye arobaini yako. Tulisoma hitima nyumbani kwa Shangazi Mwanaidi, kule Woodbridge. Baada ya kula, dada yako akagawa vitu vyako kama inavyogawiwa kwetu Tanga: mashati, koti la baridi, viatu, kila mtu akumbuke. Nguo zikaisha na watu bado wapo. Nilipotoka jikoni na sinia la chai, nikamkuta amefungua faili lako, anazitoa kadi kwenye nailoni zake na kumpa kila mgeni moja. Papa Dido, yule Mkongo wa teksi, alikuwa ameshika yake kwa vidole vyenye mafuta ya pilau.

Ningefanyaje, nimpokonye mgeni sadaka ya marehemu mkononi? Nikarudi jikoni nikaosha masufuria, nikayasugua hata yaliyokuwa masafi. Seti uliyoikusanya kwa miaka ilikuwa imetawanyika kati ya chai na kashata.

Nikaapa kuikusanya upya. Sikutaka useme hata kimoyomoyo kwamba ulihangaika bure. Msimu mzima wa baridi nilipanda treni na mabasi kila Jumapili, Woodbridge, Lanham, hadi kwa watu nisiowajua majina. Wote walinirudishia. Moja ilikuwa ndani ya msahafu, nyingine kwenye mlango wa friji, imebanwa na sumaku. Papa Dido alikuwa ameibandika yake kwa selotepu kwenye dashibodi ya teksi. "Kila asubuhi namwambia, bonjour Vieux, yaani Mzee, twende kazi," akasema, huku anaibandua polepole isichanike. Aliponipa, akabaki anapatazama pale palipobaki gundi.

Nikazipeleka kwa Bwana Harold. Akazipanga mezani, akazihesabu moja moja, akavua miwani. Bei aliyonitajia, Baba, haifiki tairi nne za teksi ya Papa Dido. Akaongeza kwamba hata hiyo haipatikani, kwa sababu yule pacha wako hayupo, na bila yeye hiyo si seti.

Nikaenda tena kwa Shangazi, roho juu. Nikamuuliza ile kadi ya pacha wako alimpa nani. Akacheka, akafungua fundo kwenye pindo la khanga aliyojifunga. "Hili fungu lako. Siku ile ulikuwa jikoni. Sijaiachia tangu hapo, nikilala iko nami, isije ikapotea."

Ilikuwa imekunjwa mara nne, Baba. Pacha wako. Pembe zote zimekwenda, uso una msalaba katikati, sikio moja limefutika. Na dada yako ananitazama kwa fahari, anangoja nimshukuru. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikalia, maana nilijua wewe ungepiga yowe, halafu ungemshukuru. Nikambusu mkono.

Kadi nyingine nimezirudisha kwa wenyewe. Ilinichukua Jumapili nyingi kuliko kuzikusanya, kwa sababu safari hii kila mtu alitaka nikae ninywe chai, na kila mmoja alikuwa na lake la kusimulia juu yako. Papa Dido sikumkuta nyumbani. Nikamsubiri kwenye foleni ya teksi, na nilikuwa nimebeba selotepu yangu mwenyewe.

Hukuhangaika bure. Nilitaka nikuandikie hilo tu, nikajikuta nimeandika yote haya. Nimekukosa sana, Baba, hasa jioni nikipita pale hotelini na mtu mwingine yuko kwenye kile kiti chako.

Pumzika sasa, mashaka yamekwisha, bei isikusumbue. Pacha wako ninaye mimi, nimemweka karibu na kitanda, hana nailoni. Nakuahidi kila asubuhi nitamshika na kukuamkia, shikamoo Baba, twende kazi.

Nitanawa mikono kwanza.

Mwanao,
Zuhura