Ni Kifua Tu

Migosi,
Kisumu.
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Amirah,

Assalaam aleikum. Hujambo huko Doha? Mujahid na watoto wanaendeleaje na joto? Sisi huku mvua inatunyeshea kila alasiri, nguo hazikauki, lakini tunashukuru.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu unanikimbia. Jumatano nilipotaja tu jina la Laila, ulisema netiweki ni mbaya. Netiweki ya Doha iliharibika lini? Jirani yetu Kageha anarudi kazini huko kesho, na nimemwambia akupe barua hii mkononi.

Mdogo wetu Laila alifika kwangu wiki mbili zilizopita kutoka Nairobi, akasema amefanyiwa operesheni ndogo na anataka mahali pa kupumzika. Operesheni ya nini? “Kifua, Dada. Ni kifua tu.”

Unajua neno hilo lilivyonichoma. Mama alituambia hivyo hivyo mwaka mzima akinywa dawa ya kikohozi, kumbe uvimbe uko kwenye titi. Tulipoambiwa ukweli, zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Basi nikaanza kuchunguza. Mliniita CID tangu utotoni, na hata leo samaki namfunua mashavu mara mbili kabla sijamnunua. Laila analala ameketi, ameegemea mito. Hawezi kujifunga mtandio, namfunga mimi. Anaswali kwenye kiti na mikono haifiki mabegani akipiga takbira. Ndani ya dera anavaa kisibao cha zipu kinachombana, na akikifua anakianika bafuni, nyuma ya mlango. Na hajakohoa hata mara moja.

Juzi uvumilivu ukaniisha. Nilinunua chupa ya dawa ya kikohozi, ile ile ya Mama, nikaiweka mezani mbele ya chai yake. Nikamwambia, “Kama ni kifua, kunywa.”

Aliitazama ile chupa, machozi yakamtoka. “Dada, wacha. Si ule ugonjwa. Nimeongezewa tu.”

“Umeongezewa nini?”

“Matiti, Dada.”

Amirah, nilikasirika, kisha nikalia, kisha nikacheka mpaka nikashika meza. Mtu mzima kupasuliwa kwa ajili ya urembo! Ndipo akaniambia wewe ulijua tangu mwanzo, na kwamba mliogopa nitamhubiria. Ningemhubiria, sikatai. Lakini heri mngeniacha nihubiri kuliko kuniacha nikimzika kila usiku kitandani mwangu.

Sikumwamini hata hivyo. Nilitaka karatasi zote za daktari, nikazisoma mara mbili. Walimpiga picha ya matiti kwanza na hawakuona kitu. Hapo moyo ukatulia.

Alikuwa anazikunja zile karatasi aliponiuliza, “Na wewe, Dada? Ulipimwa lini?”

Nikajibu haraka, mkono wangu uko hapa kifuani, kushoto, wala sijui ulifikaje. “Mimi sina kitu. Ni kifua tu.”

Alinitazama vile nilivyokuwa nikimtazama yeye siku zote hizo.

Tangu Ramadhani nasikia kitu kigumu, mdogo wangu, kama punje ya harage. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nawapekua ninyi ili nisijipekue mwenyewe. Naogopa, Amirah. Jumatatu tunakwenda hospitali, mimi na Laila. Yeye hawezi kubeba hata mkoba, na mimi siwezi kwenda peke yangu.

Mjomba Muhidin wa Sondu anakusalimu sana. Laila naye anakusalimu, anasema umsamehe kwa kukutaja. Mbusu Osama na mdogo wake, na umwambie Mujahid atuombee. Mungu awafunike kwa rehema yake na atukutanishe tukiwa salama.

Nikikupigia Jumatatu, netiweki iwe nzuri.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokushuku,

Swaumu